Namna ya Kuisikiliza Master of Reality ya Black Sabbath Mpaka Uzito Wake Uingie Kifuani

Mtu anayekutana na muziki wa doom kwa mara ya kwanza kwa kawaida huuliza mambo mawili: mbona unakokota miguu hivi, na mbona una kiza. Neno lenyewe ni la Kiingereza na maana yake inakaribia maangamizi, yaani ubaya uliokwisha kuandikwa ambao haukwepeki, na tawi hili la hevi metali, yaani roki nzito ya magitaa ya umeme, limejengwa juu ya hisia hiyo kwa magitaa yaliyolegezwa nyuzi ili yatoe noti za chini zaidi, na kwa mwendo wa polepole. Mwongozo huu unahusu albamu moja tu, Master of Reality ya Black Sabbath, bendi ya watu wanne kutoka Uingereza, iliyotoka mwaka 1971, wakati ambapo hakuna aliyekuwa akiuita muziki wa aina hii doom. Nimeichagua kwa sababu ni fupi, ni rahisi kuipata, na kwa sababu bendi za doom zilizokuja baadaye zimechota humo kama watu wanavyochota kisimani.

Ninachokiamini baada ya kuisikiliza kwa miaka mingi ni kwamba uzito wa albamu hii hautokani na kelele. Unatokana na nyuzi zilizolegezwa na wapigaji wenye subira, na msikilizaji akishaonyeshwa mahali pa kuelekeza sikio lake, atausikia uzito huo hata sauti ikiwa ya wastani.

Anza na chombo cha kusikilizia, kwa maana hapa ndipo wengi wanapoikosa albamu hii bila kujua. Uzi mnene kuliko yote wa gitaa la kawaida, ukipigwa wazi, hutetemeka takriban mara 82 kwa sekunde. Katika nyimbo kadhaa za albamu hii uzi huo umeshushwa hadi takriban mitetemo 69, na uzi mnene wa gitaa la besi umeshushwa kutoka mitetemo 41 hadi 35 hivi. Spika ndogo ya simu haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kutoa mitetemo ya chini namna hiyo. Sikio lako litaitambua noti kwa kukisia kutokana na sauti za juu zinazoambatana nayo, lakini mwili hautausikia msukumo wake, na muziki utabaki kama nyuki waliofungiwa ndani ya kopo. Mimi mwenyewe niliisikia kwa mara ya kwanza kwa spika ya simu iliyowekwa mezani, nikaona ni muziki wa kawaida wa watu wenye hasira, nikaupita. Miezi kadhaa baadaye niliusikia tena nyumbani kwa rafiki yangu kupitia spika mbili za zamani za mbao, na kikombe cha chai kilichokuwa juu ya moja ya spika hizo kikaanza kutembea polepole kuelekea ukingoni. Tangu siku hiyo simshauri mtu yeyote aianze kwa simu peke yake.

Kwa hiyo tafuta hedifoni zinazofunika sikio lote, au spika zenye koni pana, na uzime kile kitufe cha kuongeza besi ambacho vifaa vingi huja nacho. Kitufe hicho huinua sauti zote za chini kwa pamoja hadi gitaa na besi zinakuwa tope moja, ilhali raha ya albamu hii ni kuzisikia zikiwa mbili zinazokwenda sambamba. Zima pia mpangilio wa kuchanganya nyimbo. Albamu ina nyimbo nane katika muda wa dakika 34 na ushee, mbili kati ya hizo zikiwa vipande vifupi vya gitaa tu, na vipande hivyo havina maana vikitolewa mahali pake. Ukikuta nakala ya zamani ya Marekani yenye majina ya ziada kwenye orodha, usidhani ina nyimbo zaidi; kampuni iliyoitoa huko ilivipa majina baadhi ya vipande vya ndani ya nyimbo zilezile nane.

Kuhusu ukubwa wa sauti, weka kiasi ambacho mtu aliye kando yako anaweza kukuita ukamsikia. Shirika la Afya Duniani linashauri wastani usiozidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na masikio yakishaharibika hayana fundi wa kuyarudisha.

Kabla ya kubonyeza kitufe, jua vidole vinavyopiga gitaa hili. Tony Iommi, kijana wa Aston katika mji wa Birmingham, alikuwa na umri wa miaka 17 alipokuwa akifanya kazi katika kiwanda cha mabati, na katika siku iliyokuwa iwe ya mwisho kwake kazini, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete. Yeye ni mtu wa shoto, maana yake mkono wa kulia ndio unaobonyeza nyuzi shingoni mwa gitaa. Aliambiwa kwamba mambo ya gitaa yamekwisha. Msimamizi wake wa kazi akampelekea sahani ya santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazi ambaye mkono wake wa kushoto uliungua hata akawa anapiga solo zake kwa vidole viwili, na Iommi akaenda kuyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya kuoshea vyombo, akaifinyanga kuwa subana mbili za kuvaa kwenye vidole vilivyokatika, akazibandika ngozi ili zishike uzi zisiteleze.

Subana hizo hazihisi kitu. Mpiga gitaa wa kawaida hujua kwa ngozi ya kidole kama ameshika uzi kwa nguvu ya kutosha, lakini Iommi alilazimika kujua kwa sikio, na uzi uliokazwa sana ulimuumiza. Akaanza kutumia nyuzi nyembamba, zikiwemo za banjo, na ilipofika albamu hii ya tatu akalegeza nyuzi zote kwa nusu toni tatu (nusu toni ni hatua ya freti moja shingoni mwa gitaa) katika nyimbo kama Children of the Grave, Lord of This World na Into the Void. Geezer Butler, mpiga besi, akamfuata huko chini. Kulegeza uzi kwa nusu toni tatu huuacha na takriban asilimia 71 tu ya mvutano wake wa awali, kwa kuwa mvutano hupungua kwa mraba wa mitetemo. Uzi wa namna hiyo unabonyezeka kirahisi, na pia unayumba. Ukichapwa kwa nguvu, noti huanza juu kidogo ya mahali pake kisha inazama na kutulia, na kuzama huko kwa sehemu ndogo ya sekunde ndiko kunakotupa hisia kwamba gitaa limebeba mzigo. Sauti ambayo vijana wa nchi nyingi wameitafuta kwa miaka zaidi ya 50 kwa kununua vifaa vya bei ilianza kama njia ya mtu mmoja kupunguza maumivu ya mkono.

Sasa sikiliza mara ya kwanza bila kufanya jambo lingine lolote, toka mwanzo hadi mwisho, na usijali maneno. Albamu inafunguka kwa kikohozi, ambacho ni cha Iommi mwenyewe, kikirudiwarudiwa kwa utepe wa kurekodia mpaka kinageuka kuwa mdundo, kisha gitaa linaingia kama mlango wa bohari unaofungwa. Wimbo huo, Sweet Leaf, unaisifu bangi waziwazi, na mtu asiyependa habari hiyo ana haki ya kujua mapema. Kimuziki, lisikilize lile fungu la noti chache linalorudi na kurudi, ambalo wapigaji huliita rifu. Katika muziki wetu wa dansi gitaa la solo hupanda na kushuka likizungumza na mwimbaji, na utamu uko katika kubadilika kwake. Katika doom utamu uko katika kutobadilika, na sikio lililozoea sebene linahitaji kuambiwa hivyo, la sivyo litangoja kitu ambacho hakiji. Rifu hurudiwa ili ujue itaanguka lini, na kisha uisikie ikianguka pale pale ulipoitarajia.

After Forever unaofuata una mwendo wa haraka zaidi na ndio mwepesi kuliko yote kwa mgeni, sina mengi ya kusema juu yake hapa. Baada yake kuna Embryo, gitaa la nusu dakika lenye sauti ya kale, na mara linapokatika linaingia Children of the Grave. Hapa mtazame Bill Ward, mpiga dramu. Mdundo ni wa farasi anayekimbia, lakini gitaa lililolegezwa linamvuta farasi huyo nyuma, kana kwamba anakimbia ndani ya maji ya magoti. Fuata mvutano huo baina ya dramu na gitaa na utaelewa kwamba uzito si lazima uwe wa polepole. Mwishoni muziki unavunjika na kubaki minong'ono na mlio wa gitaa unaojirudia wenyewe kutoka kwenye amplifaya, na katika santuri hapo ndipo ulipolazimika kuinuka na kuigeuza sahani. Ninakushauri ufanye hivyo hata kama unasikiliza kwa simu: simamisha, nyoosha mgongo, kunywa maji. Upande wa pili ni mzito zaidi.

Upande huo unaanza na Orchid, gitaa kavu lisilo na umeme, dakika moja na nusu ya upole mtupu. Watu wengi huruka kipande hiki, na huko ni kujinyima, kwa sababu kazi yake ni kulilaza sikio lako. Amplifaya haisikiki, dramu hazipo, chumba kiko kimya. Kisha Lord of This World inaingia na sauti ya chini inarudi yote kwa mara moja. Jaribu mara moja kuuanza wimbo huo bila Orchid, halafu uuanze tena ukiwa umeipitia Orchid, bila kugusa sauti, na utaona kwamba mara ya pili gitaa linaonekana nene zaidi ingawa hakuna kilichobadilika isipokuwa kilichotangulia. Rodger Bain, mtayarishaji wa albamu zao tatu za mwanzo, na bendi yenyewe walielewa kwamba giza halionekani vizuri bila mwanga kidogo pembeni yake.

Solitude hufanya kazi hiyohiyo kwa njia nyingine. Ni wimbo wa upweke, bila gitaa la kuchafuka, yaani lenye sauti inayokwaruza kwa kusukumwa kupita kiasi kwenye amplifaya, hata kidogo, huku Iommi akipiga filimbi na sauti ya Ozzy Osbourne ikiwa tulivu kiasi kwamba wasikilizaji wengi walidhani ni mtu mwingine anayeimba. Usingoje ulipuke, kwani hautalipuka. Katika wimbo huu zingatia besi ya Butler, inayotembea kwa hatua ndogondogo chini ya sauti kama mtu anayezunguka chumbani usiku. Besi ndiyo uti wa mgongo wa albamu yote, na hapa imeachwa wazi uione.

Halafu inakuja Into the Void, na kwa huu naomba utenge muda wa peke yake. Ni dakika sita na sekunde kadhaa, na mwimbaji haingii mpaka dakika moja imekwisha kupita. Katika dakika hiyo rifu ya kwanza inarudiwa polepole mno, na kila inaporudi kuna mwanya kati ya noti ambapo ungeweza kuvuta pumzi. Hesabu mianya hiyo. Mpiga gitaa asiye na subira angeijaza kwa mbwembwe; Iommi anauacha uzi ulie wenyewe na kufifia, na Ward anaiweka ngoma kubwa mahali ambapo uzito unagusa sakafu. Kisha rifu inabadilika na kushika mwendo, sauti ya Osbourne inaingia ikiwa juu kabisa, mbali na gitaa, na umbali huo kati ya mwimbaji na nyuzi ni sehemu ya kiza chenyewe, kwa maana mtu anaonekana mdogo juu ya mashine kubwa. Katikati wimbo unakimbia ghafla, unarudi, na mwishoni unapanda mwendo tena mpaka unakatika.

Mara ya tatu au ya nne, sikiliza kwa ajili ya besi pekee. Mtu ambaye hajazoea hudhani ni gitaa moja nene, kwa sababu Butler hupiga mara nyingi noti zilezile za Iommi. Mbinu ya kuzitenganisha ni kungoja mahali ambapo Iommi anaingia katika solo: gitaa linapanda juu, na kile kinachobaki chini ndicho Butler. Shika sauti hiyo kwa sikio, na gitaa likirudi usiiachie. Ilinichukua majaribio mengi, na ninakubali kwamba hedifoni nzuri zilinisaidia kuliko juhudi.

Maneno yaje baadaye, lakini yaje. Ninajua wasomaji ambao hawathubutu kuigusa bendi hii kwa sababu ya jina lake, ambalo maana yake ni Sabato Nyeusi, na misalaba shingoni mwa wanamuziki, na hofu hiyo naiheshimu. Hata hivyo inafaa kuyasikia yaliyosemwa. Maneno mengi ya bendi yaliandikwa na Butler, aliyelelewa katika familia ya Kikatoliki, na After Forever unamuuliza msikilizaji kama amewahi kuifikiria roho yake na unamtetea Mungu mbele ya wanaomkana. Lord of This World unazungumza kwa kinywa cha shetani, lakini shetani huyo anamkumbusha binadamu kwamba ni yeye mwenyewe aliyeuchagua uovu badala ya upendo. Children of the Grave unawataka vijana wasimame dhidi ya hofu ya vita vya nyuklia, na Into the Void unawaonyesha watu wakipanda roketi kuikimbia dunia waliyoichafua. Giza la albamu hii ni giza la watu wanne waliokulia kati ya viwanda vya Birmingham, katika mitaa iliyopigwa mabomu wakati wa vita, wakiutazama moshi.

Kama una gitaa la umeme, kuna njia ya kuelewa ambayo hakuna usikilizaji utakaoifikia, nayo ni kulilegeza mwenyewe. Huhitaji kifaa cha kupimia. Hakikisha kwanza gitaa lote liko sawa kwa mpangilio wa kawaida. Uache uzi wa nne kama ulivyo, ubonyeze kwenye freti ya pili, upate noti ya E. Kisha bonyeza uzi wa sita, ule mnene, kwenye freti ya tatu, na uulegeze polepole huku ukipiga nyuzi zote mbili, mpaka ule mnene utoe E ileile kwa oktavu moja chini. Utajua umefika pale ambapo mawimbi yanayosikika kati ya sauti hizo mbili yanapungua kasi na kutulia kabisa. Uzi wa sita sasa ukipigwa wazi unatoa C kali (C#), yaani nusu toni moja juu ya C. Kutoka hapo linganisha nyuzi nyingine kwa njia ya kawaida, ukibonyeza freti ya tano ya uzi mnene ili kupata unaofuata, isipokuwa kati ya uzi wa tatu na wa pili ambapo ni freti ya nne. Ukifika uzi wa kwanza, rudi uanze tena, kwa sababu kupungua kwa mvutano huifanya shingo ya gitaa inyooke kidogo na nyuzi za mwanzo zitakuwa zimehama.

Nyuzi zitagonga freti na kulia kama bati. Hilo ni la kawaida, na una njia mbili: weka nyuzi nene zaidi, au jifunze kuchapa taratibu. Mimi hupendelea njia ya pili, kwa kuwa inamfundisha mtu kwamba nguvu haiko mkononi. Geuza amplifaya ikaribie kuchafuka, si zaidi, ushushe sauti za juu kiasi, na upige noti moja tu. Iache. Usiiguse mpaka iwe imezama, imetulia, na imekufa yenyewe. Kisha piga inayofuata ukiwa umechelewa kidogo kuliko moyo unavyokutaka. Nilipofanya hivyo kwa mara ya kwanza niliuweka mkono wa kushoto juu ya mbao za gitaa, na nikausikia mtetemo ukipanda hadi kiwiko.

Ukishaizoea albamu hii, kuna pa kwenda. Candlemass wa Stockholm walitoa Epicus Doomicus Metallicus mwaka 1986, na hapo utaisikia rifu ya Iommi ikiwa imevaa sauti ya mwimbaji wa opera. Sleep wa California waliuchukua mwendo wa Into the Void wakautanua hadi wimbo mmoja wa zaidi ya saa nzima, Dopesmoker, ambao nakushauri usiusogelee mpaka uwe umeishi na Master of Reality kwa wiki kadhaa. Na ukitaka kuona jinsi mambo yalivyofungwa, tafuta onyesho la tarehe 5 Julai 2025 katika uwanja wa Villa Park, huko huko Aston, ambapo wanne wale wale walipanda jukwaani pamoja kwa mara ya mwisho, Osbourne akiimba ameketi kwenye kiti. Alifariki tarehe 22 ya mwezi huohuo. Mtazame Iommi katika picha za karibu za onyesho hilo, na subana zile mbili utaziona bado ziko vidoleni.